Kutoka fuso la karafuu hadi lori la visima vya mafuta: mwongozo kwa dereva wa Unguja na Pemba

Kila yanapotajwa mafuta kwenye baraza za Wete au Mwanakwerekwe, kijana mwenye leseni huuliza: na sisi madereva tutapata nini? Najibu kwa urefu, kwa sababu inaniuma kuona vijana hodari wa usukani wanauza kiwanja cha urithi, pesa anapewa wakala, kisha wanafika kazini na kurudishwa getini bila hata kuelewa kosa lao ni nini.

Tuanze kwa kuweka sawa jambo moja. Mafuta ya Zanzibar bado ni ya kutafutwa. Mkataba wa kitalu cha Pemba–Zanzibar baina ya Serikali na kampuni ya RAK Gas ulitiwa saini Oktoba 2018, na ipo mamlaka ya kusimamia shughuli hiyo, ZPRA. Lakini kutafuta si kuchota. Na hata yakipatikana chini ya bahari, kazi kubwa itakuwa ya meli kuliko ya malori. Lori hufanya kazi pale visima vilipo nchi kavu. Kwa jirani zetu, hapo ni Ziwa Albert nchini Uganda, mafuta yalikogunduliwa mwaka 2006, ambako kampuni ya TotalEnergies wana mradi wa Tilenga na kampuni ya CNOOC wana Kingfisher. Kuna njia ya bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Iko gesi ya Mtwara. Na iko Uarabuni, hasa Oman, ambako wengi wetu tuna shangazi au mjomba.

Oman ina mafuta kweli. Inauza nje tangu 1967. Lakini imekuwa ikihifadhi kazi kadhaa za udereva kwa raia wake, kwa hiyo anayekuambia "nafasi zipo tele" mwambie akuonyeshe kibali cha kazi chenye jina la kazi utakayofanya. Na bomba nalo lina tabia yake: malori huhitajika mengi wakati wa kuchimba na kujenga, halafu hupungua mafuta yakishaanza kupita. Muulize mwajiri mapema kama kazi yake ni ya ujenzi au ya uzalishaji, maana hapo ndipo utakapojua kama mkataba wako ni wa msimu au wa miaka.

Hatua ya kwanza: jua ni lori gani unalolitaka

Wengi wakisikia "dereva wa visima vya mafuta" wanaona tenka limejaa mafuta ghafi. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Mzigo mkubwa ni maji. Kisima kinachochimbwa kinakunywa maji mengi, na kinachozalisha kinatapika maji ya chumvi pamoja na mafuta, nayo lazima yachukuliwe yakatupwe mahali maalumu. Kwa hiyo kuna maboza ya maji safi, na kuna malori ya kunyonya yenye pampu na mpira mnene, yanayovuta matope na maji machafu kwenye mashimo na matangi. Kuna gari za dizeli za kulisha jenereta. Kuna matela bapa ya mabomba. Kuna malori ya saruji na kemikali za tope la kuchimbia, yaani tope linalomiminwa kisimani wakati wa kuchimba. Na kuna lobedi, matela yaliyo chini karibu na ardhi, zinazohamisha mtambo wa kuchimba, vipande makumi kwa makumi, kutoka kisima hadi kisima.

Neno langu kwa dereva wa Visiwani: usiidharau gari ya kunyonya vyoo. Vijana wanaikimbia kwa harufu, wanaona heri fuso la mchanga. Lakini pampu yake, tangi lake, mpira wake, namna ya kulirudisha nyuma hadi kwenye shimo bila kutumbukia, na hata gesi inayotoka shimoni, ni vile vile utakavyovikuta kwenye lori la kunyonya la kisimani. Aliyefanya kazi hiyo vizuri hapa mjini yuko karibu zaidi na visima kuliko aliyebeba kokoto miaka kumi.

Hatua ya pili: makaratasi

Anza na pasi ya kusafiria na vitambulisho vyote viwili, cha Mzanzibari mkaazi na cha Taifa, na hakikisha jina limeandikwa namna moja kila mahali. Mohamed kwenye pasi na Mohammed kwenye leseni ni ugomvi wa wiki nzima.

Leseni ya Zanzibar na leseni ya Bara hutolewa na mamlaka tofauti. Ukikusudia kufanya kazi Bara au kuvuka kwenda Uganda, uliza kwanza ni leseni gani mwajiri na bima yake wanaikubali, kabla ya kulipia mafunzo yoyote. Daraja liwe la magari makubwa ya mizigo. Cheti cha udereva wa malori kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, au VETA, kina uzito kuliko barua ya tajiri wa fuso, ingawa na hiyo barua uichukue.

Cheti cha huduma ya kwanza na cha kuzima moto ni vya siku chache tu na hukutofautisha na wenzako. Kiingereza cha kusoma kibao na kujaza fomu ni lazima kwa Uganda. Kiarabu cha madrasa kitakusaidia kusoma alama Oman, lakini cha kuzungumza utakwenda kukijifunza huko.

Pima afya mwenyewe mapema: macho, masikio, presha na sukari. Kampuni za mafuta hupima tena, pamoja na ulevi na dawa za kulevya. Mirungi usiiguse kabisa. Mbali na kuwa ni haramu kisheria, inaweza kuonekana kwenye kipimo, na aliyekamatwa kwa kipimo hapewi nafasi ya kujieleza.

Hatua ya tatu: jenga kumbukumbu hapa hapa

Mwajiri wa mafuta hanunui kasi. Ananunua dereva ambaye lori lake linafika bila tukio, na akiona hatari anasimama bila kusubiri kuambiwa. Hilo huwezi kulisema kwa mdomo kwenye usaili wakakuamini; lazima uwe umeliandika.

Nunua daftari gumu. Kila safari andika tarehe, namba ya gari, mzigo, tani, njia, na hitilafu uliyoiona: taa iliyokufa, tairi lililopungua upepo, breki iliyovuta upande. Andika pia ulichofanya. Ukikataa kutoka kwa sababu breki mbovu, andika hivyo, na muombe fundi atie saini. Ukurasa wa namna hiyo una thamani kuliko picha umeegemea Scania.

Pemba ni skuli nzuri ya mteremko. Barabara ya Mkoani hadi Chake ina vilima na kona, na mji wenyewe wa Mkoani unashukia bandarini. Ukiwa na mzigo, jifunze kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ukaiachia injini izuie gari, na breki ya mguu uikanyage kwa vipindi. Anayeshuka na mguu juu ya breki muda wote anazichemsha, na breki iliyochemka haishiki. Zoea hapa, maana Bara utakutana na Sekenke, kwenye njia ya kwenda Igunga na Nzega, na Kitonga kule Iringa, na huko mteremko hauishi baada ya dakika mbili.

Jambo la kuacha mapema ni ile tabia yetu ya utingo kukupigia bodi huku wewe unarudi nyuma bila kumuona. Visimani kanuni ni moja: mtu anayekuongoza akitoweka kwenye kioo, unasimama. Hata kama unajua kuna nafasi. Anza leo, na utingo wako mzoeshe kusimama pale unapomuona.

Hatua ya nne: jifunze mzigo wa maji

Hapa ndipo madereva wazuri wa mizigo mikavu wanapopindua malori, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchanga ukishapakiwa umetulia. Maji hayatulii. Tangi likiwa nusu, ukikanyaga breki maji yanakimbilia mbele, yanapiga ukuta, na lori linasukumwa tena baada ya wewe kudhani limesimama. Kwenye kona yanapanda upande mmoja na kulivuta lori juu ya magurudumu ya upande huo. Kuta za ndani za tangi zenye matundu hupunguza mkimbio wa mbele na nyuma, ila wa ubavuni haupungui sana. Tangi lililojaa vizuri, au lililo tupu kabisa, ni salama kuliko lililo nusu. Na lisijazwe hadi mdomoni, kwa sababu mafuta yakipata joto huvimba. Lazima ibaki nafasi.

Matenka mengi hupinduka kwenye kona na mizunguko ambayo dereva anaijua, kwa mwendo ambao gari ndogo haiusikii. Kibao cha mwendo kwenye kona kimewekwa kwa ajili ya gari ya kawaida. Wewe pungua chini yake, na upungue kabla ya kuingia. Ukishaingia kwenye kona usikanyage breki ghafla.

Halafu piga hesabu ya uzito kwa mzigo wenyewe. Chukua tangi la lita 30,000. Likiwa na petroli ni kama tani 22. Dizeli, kama tani 25. Maji safi, tani 30. Maji ya chumvi nyingi kutoka kisimani yanaweza kufika tani 36. Tope la kuchimbia lililotiwa unga mzito wa jiwe la barite hupita hapo kwa mbali. Likiwa na kilo moja na nusu kwa lita, ni tani 45. Lita ni zile zile, tangi ni lile lile, na mtu wa pampu atakuambia "jaza tu". Kikomo cha uzito wote, lori na mzigo pamoja, Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari ya ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake: ekseli mbili za pamoja tani 18, tatu tani 24. Uliza uzito wa lita moja kabla ya kufungua koki. Ukiona uzito umezidi, sema umezidi.

Hatua ya tano: tafuta kazi bila kuibiwa

Kazi halali haianzi kwa kutuma pesa kwa simu. Wakala wa kweli ana ofisi na usajili, na Kamisheni ya Kazi watakuambia kama wanamtambua. Mkataba uupeleke huko ukasomwe kabla hujatia saini, si baada. Anayekupeleka Uarabuni kwa viza ya matembezi na kukuahidi kuibadilisha ukifika amekuweka mikononi mwa yeyote atakayekupokea, na pasi yako ikishachukuliwa huna sauti. Pasi ni yako. Nakala wapewe, yenyewe ukae nayo.

Kwenye mkataba tafuta mambo haya, na kila lisiloandikwa lihesabu kuwa halipo: mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani; saa za kazi; zamu, yaani siku ngapi kazini na ngapi nyumbani, na nani analipia boti na basi au ndege; matibabu na malazi; fidia ukiumia; na nani atagharamia kukurudisha nyumbani ikiwa umeumia vibaya au umefariki. Hilo la mwisho watu wanaona haya kuliuliza. Liulize. Mama yako ndiye atakayebaki kuchangisha. Kwa kazi ya Bara, hakikisha mwajiri amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na anakuchangia hifadhi ya jamii.

Ogopa malipo yanayotegemea idadi ya safari peke yake. Yanaonekana makubwa kwenye karatasi, lakini yanakulipa kwa kutolala. Mshahara mdogo kidogo usiotikisika ni bora, hasa mwaka wa kwanza ambapo bado unajifunza.

Hatua ya sita: wiki ya kwanza

Utakaa darasani na hutoendesha. Usikasirike. Watakueleza kanuni za eneo, watakupima usukani, na kama ni Oman itabidi mikono na macho yajifunze upya, kwa sababu huko wanapita kulia na usukani uko kushoto. Hatari haiko barabara kuu. Iko asubuhi unapotoka uwanjani peke yako, njia tupu, na mazoea ya Unguja yanakuvuta upande wa kushoto.

Kampuni nyingi za mafuta zinafuata kanuni 9 za kuokoa maisha zinazotumika dunia nzima, na udereva ni mojawapo: mkanda, mwendo, simu mbali, mwili uliopumzika, na safari iliyopangwa. Ndani ya lori kuna kifaa kinachoandika mwendo, breki za ghafla na saa ulizokaa kwenye usukani. Usikichukulie kama mpelelezi. Siku mtu akikugonga kwa kosa lake, hicho ndicho shahidi wako.

Utaambiwa pia kwamba kila mfanyakazi, hata mgeni wa jana, ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari. Liamini na ulitumie. Wengi wetu tumelelewa tusimkatalie mkubwa, na adabu hiyo ni nzuri nyumbani. Kazini kuna namna ya kukataa kwa adabu: "Samahani bosi, hapa sioni salama, naomba tuangalie pamoja." Sema hivyo, zima injini, shuka. Msimamizi mwenye akili atakushukuru. Asiye na akili, andika jina lake, saa na mahali kwenye daftari.

Hatua ya saba: kila siku kabla ya kutoka

Zunguka lori kwa mguu, kila siku kwa njia ile ile, ili usiruke kitu. Nati za magurudumu, upepo, nyufa za matairi, taa, mafuta yanayovuja, mkanda wa injini. Jaza upepo wa breki, zima injini, tulia usikilize: ukisikia mvujo au ukiona mshale unashuka, hutoki. Kwa lori la tela, hakikisha kingi pini, ile pini ya chini ya tela inayoshikwa na kichwa cha lori, imeshikwa na kufuli limefunga, miguu ya tela imepanda, kisha vuta mbele kidogo tela likiwa na breki uone kama limeshika kweli. Kwa tangi, angalia vifuniko, koki zote, na kifaa cha kuzima moto.

Halafu mpango wa safari. Ni karatasi inayoonyesha njia, vituo, saa ya kufika na namba ya kupiga. Chumba cha udhibiti wanakufuata kwa karatasi hiyo, ukichelewa wanakutafuta. Kwa hiyo sala zako zitie ndani ya mpango tangu mwanzo. Andika kituo cha mchana mahali penye nafasi ya kuegesha lori zima nje ya barabara. Ukiwa msafiri una ruhusa ya kupunguza na kukusanya adhuhuri na alasiri, na hilo linakupa kituo kimoja kirefu badala ya viwili vya haraka haraka. Dereva anayesimama kando ya lami kusali bila kumuarifu mtu anahatarisha yeye na anayekuja nyuma.

Ramadhani ni mtihani wenyewe. Kule ndani Oman joto la kiangazi hukaribia nyuzi 50, na dereva aliyefunga, aliyelala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu ya daku, ana lori la tani 40 mkononi. Qur'ani yenyewe imempa msafiri na mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Muulize shehe wako kabla hujaondoka, ili ukifika huko uwe umeshaamua kwa utulivu. Ukiamua kufunga, omba zamu ya usiku wa mapema au ya alfajiri, na mwambie msimamizi wazi kwamba umefunga. Kuficha ndiko kubaya.

Usingizi haushindwi kwa kahawa wala kwa kufungua dirisha. Kwa kilomita 80 kwa saa lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Kichwa kikianguka sekunde nne, umeendesha karibu mita 90 bila dereva. Ukisahau kilomita tano zilizopita zilikuwaje, hapo umeshachelewa. Tafuta pa kuegesha, toa taarifa, lala.

Hatua ya nane: ukifika kisimani

Getini watakuuliza vifaa: kofia ngumu, viatu vya chuma, miwani, nguo zisizoshika moto, na kigunduzi cha gesi kifuani. Simu na kiberiti huachwa. Egesha kwa kuelekea njia ya kutokea, na ufunguo ukae pale sheria ya eneo inaposema.

Kabla ya kushuka tazama mfuko wa upepo ulioning'inizwa mlingotini, ujue upepo unatoka wapi. Visima vingi vina haidrojeni salfaidi, ile inayoandikwa H2S kwenye vibao. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala mashimoni na mabondeni. Ikiwa kidogo sana inanuka yai bovu. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni, inaua pua yenyewe: harufu inapotea na wewe unadhani imeondoka. Ikizidi sana, mtu huanguka kwa pumzi chache. Kigunduzi kwa kawaida huanza kulia kwenye sehemu 10, na kikilia huulizi, unaondoka. Kimbilia joshini, kule upepo unakotoka, usikimbilie demani. Kama gesi iko mbele yako, kata ubavuni kwanza, kisha ndipo uelekee joshini. Mtoto wa pwani aliyekulia kwenye ngalawa hili analielewa bila kufundishwa mara mbili.

Ndio gesi hiyo hiyo inayoua watu kwenye mashimo ya vyoo. Na namna inavyoua ni ile ile: mmoja anaingia, anaanguka, wa pili anaruka kumuokoa, naye anaanguka. Ndani ya tangi la lori usiingie. Hata liwe limeoshwa, hata kiatu chako kimeanguka humo, hata mwenzako amelala chini na unamuona. Piga king'ora, ita watu wenye mitungi ya hewa. Najua hili linakwenda kinyume na moyo wa mtu. Lakini ukiingia, familia zitakazolia ni mbili.

Ukibeba mabomba, saa ya hatari ni ya kufungua. Minyororo ikilegea, bomba lililokaa vibaya huviringika na kushuka upande wowote. Kagua kwanza kama mzigo umehama njiani, hakikisha vizuizi vya pembeni viko imara, na ubavuni asisimame mtu. Kabla kreni haijaanza kunyanyua, toka kwenye kabati ya lori, nenda pale palipowekwa alama kwa madereva. Kwenye kuhamisha mtambo, pima urefu wa mzigo kwenda juu kabla ya kutoka na linganisha na nyaya za umeme njiani.

Hatua ya tisa: kupakia na kushusha mafuta

Mafuta yakipita kwenye mpira yanazalisha umeme tuli, na cheche ndogo usiyoiona inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Kwa hiyo waya wa kuunganisha lori na ardhi unaufunga kabla ya kufungua kifuniko chochote, na unautoa mwisho kabisa. Mwanzo wa kujaza mafuta yaende polepole mpaka mdomo wa bomba uzame. Yakimwagika kutoka juu yanazidisha umeme huo. Ukipakia dizeli kwenye tangi lililokuwa na petroli, hadhari iongezeke, kwa sababu mvuke wa petroli bado umo. Kagua lakiri na upime kwa kijiti ukiwa na mtu wa upande wa pili, mtie saini nyote.

Usiondoke karibu na koki wakati mafuta yanashuka. Si kwa chai, si kwa simu, si kwa kusalimiana.

Hatua ya kumi: lori likipinduka au kuvuja

Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, tenka la petroli lilipinduka, watu wakaja na madumu, moto ukalipuka, na waliofariki walipindukia 100. Kila dereva wa mafuta aijue habari ile kwa undani, kwa sababu kesho mwenye tenka lililolala unaweza kuwa wewe.

Zima injini na swichi kuu ya betri. Toka. Usivute sigara wala kupiga simu karibu na tenka. Nenda mbali, upande wa joshini, ndipo upige. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Unatambaa ardhini na kuingia mtaroni, na unaweza kuwashwa na pikipiki iliyo mbali na wewe. Kazi yako ya kwanza baada ya kupiga simu ni watu. Weka vizuizi, simamisha magari pande zote mbili, zuia bodaboda. Mtafute mtu wa kijiji mwenye kauli, sheha au mwenyekiti wa mtaa au imamu, amwambie kila mtu arudi nyuma, kwa sababu wewe mgeni hawatakusikiliza na yeye watamsikiliza. Kibao cha rangi ya chungwa kwenye tenka kina namba. 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1267 ni mafuta ghafi. Wape zimamoto namba hiyo kabla hata ya kuwaeleza ilivyotokea, maana ndiyo itakayowaambia waje na povu au na nini.

Pesa na kurudi nyumbani

Fungua akaunti kabla ya kuondoka na mshahara uingie hapo, kisha wewe ndiye upange nyumbani kiende kiasi gani kwa mwezi. Kila hati ya mshahara ihifadhi, pamoja na nakala ya mkataba, kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemuamini. Ukija mapumziko, siku mbili za mwisho usizijaze harusi na safari za shamba. Boti ya asubuhi kutoka Mkoani, basi la usiku, kisha zamu ya alfajiri: huyo dereva amechoka kabla hajagusa usukani. Mwambie msimamizi umefika saa ngapi na umelala saa ngapi, na kama haitoshi, omba siku moja ya kulala kambini kabla ya kupewa ufunguo.